Aliyoyasema Mwongeli

Bedan alikuwa akinyonya mfupa. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu mpaka leo nikikumbuka kesi ya Mwongeli, kinachotangulia kunijia ni ule mdomo wake: mafuta mpaka kidevuni, mashavu yamebonyea kwa kuvuta, na sauti ya bomba lililokatikiwa maji. Tulikuwa Kamakis, saa saba mchana, katika mojawapo ya zile baa za nyama choma ambazo moshi wake utarudi nao nyumbani hata kama hukula kitu. Muriithi, meneja wa kiwanda chetu, ndiye aliyetubeba kwa gari lake kutoka Thika. Aliagiza mbavu za mbuzi na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, akatuweka sisi wawili pale mbele ya ubao wa nyama kana kwamba ni sikukuu.

"Kula, Wangeci," aliniambia. "Mbona unadonoa kama kuku?"

Nilikula. Sitaki mtu adhani nilikataa.

Mimi ni karani wa ofisi ya wafanyakazi katika kiwanda cha makadamia, upande wa Makongeni. Kabla ya hapo nilifundisha Kiingereza miaka saba katika shule ya kulipia huko Ruiru, mpaka mwenye shule akaiuza ikawa godauni. Ndiyo maana wafanyakazi hawaniiti Wangeci, wananiita Mwalimu. Na kwa kweli nilikuwa mwalimu mzuri. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la kuripoti maneno ya mtu mwingine. Kwetu mtu akisema "nitakuja", wewe unaripoti "alisema atakuja", na ahadi yake inabaki vilevile, bado inamkaba shingo. Kiingereza hakimkabi hivyo mwenye ahadi. Kinasema "he said he would", na papo hapo ushaanza kunusa mtu ambaye hakuja. Watoto waliimba: will, would, can, could, may, might. Nami nilipiga meza kwa rula nikiwafuata, nimefurahi, najiona nawapa ufunguo wa dunia.

Kiwandani ufunguo huo ulinipa kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao. Mfanyakazi anajitetea kwa Kiswahili, mimi naandika kwa Kiingereza, na ile karatasi ya Kiingereza ndiyo inayohesabika. Alichosema kwa mdomo wake hakina pa kukaa tena, labda kichwani mwangu.

Sasa Mwongeli. Huyu alikuwa mama wa miaka hamsini kasoro, mzaliwa wa Yatta, mjane, mama yake Nzisa, aliyesimamia draya namba tatu kwa miaka kumi na mmoja. Draya ndiyo inayokausha makadamia kabla hazijafungwa, na isipopata moto sawasawa, zinaota kuvu. Mwezi wa pili mzigo mzima ulirudishwa na mnunuzi kwa ajili ya kuvu. Makao makuu yakataka jina. Muriithi akawapa la Mwongeli, na Jumatatu ile tukakaa kikao cha nidhamu: Muriithi akiwa mwenyekiti, Bedan akiwa mwakilishi wa wafanyakazi, yaani ndiye aliyepaswa kumtetea, na mimi na kalamu yangu.

Mwongeli alifika na leso safi juu ya ovaroli. Hakuketi mpaka alipoambiwa.

"Mimi nilimwambia Bwana Muriithi mara tatu," alisema. "Mara ya kwanza nilimwambia hii draya haishiki moto, akasema ataleta fundi. Nikamwambia tena, akasema fundi anakuja wiki hiyo. Ile mara ya tatu akasema niache kelele, nikoroge tu."

Muriithi hakukanusha. Aliegemeza kiti nyuma na kuuliza, "Kwa hivyo, Mama Nzisa, unasema hiyo makosa ni yangu?"

Huku kwetu mtu kama Mwongeli hamwambii mkubwa wake machoni kwamba kosa ni lake, hata mkubwa mwenyewe akiomba kuambiwa. Na Muriithi alilijua hilo, ndiyo sababu akauliza. Mwongeli alimtazama Bedan. Bedan alikuwa akikagua kucha zake.

"Basi kama mmeamua ni mimi, iwe ni mimi," Mwongeli alisema. "Mnisamehe mahali nimekosea."

Mtu yeyote aliyelelewa kati ya Thika na Matuu anajua kwamba hayo si maneno ya kukiri. Mnisamehe mahali nimekosea ndivyo tunavyofunga hotuba. Bwana harusi husema hivyo, mzee wa kanisa akimaliza matangazo husema hivyo, na hakuna anayemuuliza alikosea wapi. Ni adabu tu. Nami niliandika yote kwa haki, hata ile adabu niliiweka kama adabu. Niliandika kwamba alisema alimwambia meneja mara tatu, na kwamba meneja alisema angeleta fundi. Kurasa mbili safi. Nilizisoma tena jioni nikajipenda.

Hizo kurasa mbili ndizo Muriithi alizozitoa mfukoni pale Kamakis, kwa vidole vilevile vya mbavu. Karatasi ikaingia madoa ya mafuta, ikawa inaonyesha upande wa pili.

"Hii English yako ni safi," alisema. "Lakini si hivyo nilisikia. Bedan, wewe ulisikia maneno ya fundi?"

"Fundi gani?" Bedan aliuliza, mfupa bado mdomoni. "Mimi nilisikia mama akiomba msamaha."

"Si ndio? Sasa mtu anaomba msamaha ya nini kama hakukosa?" Muriithi alichukua kijiti, akaanza kuchokoa meno ya nyuma, na akanitajia maneno ya kuandika hapohapo huku akichokoa. "Andika hivi. She said she should have reported the problem. She said it must have been her fault. Imeisha. Short and sweet."

Yaani alisema alipaswa kuripoti, na kwamba bila shaka kosa lilikuwa lake. Mtu aliyeripoti mara tatu! Nilimtazama Bedan, kwa sababu nilidhani hata tumbo la Bedan lina mwisho. Alinisukumia kipande cha mutura.

"Contract yako inaisha lini?" Muriithi aliniuliza.

"Mwezi wa sita."

"Na imekuwa ya miezi mitatu mitatu, miaka mingapi sasa? Minne? Aki hiyo si poa. Mtu na English kama hii anafaa kuwa permanent." Alitazama alichochokoa kwenye kijiti, kisha akakirudisha mdomoni.

Hapo ndipo kichefuchefu kilipaswa kunikomboa. Ningeamka, ningetapika nyuma ya baa, ningepanda gari nirudi Thika. Lakini kichefuchefu ni kitu cha tumbo tu, hakina nguvu ya kumwinua mtu kitini. Nilinawa mikono kwenye lile karai la maji ya uvuguvugu, nikarudi ofisini, nikafungua kompyuta, na kufikia saa kumi nilikuwa nimefuta fundi. Nilifuta mara tatu zote. Vidole vyangu bado vilinuka mbuzi.

Kuna sheria moja kiwandani kwetu, na niliisahau au nilijifanya kuisahau nikiwa nafuta. Mfanyakazi asiyejua Kiingereza lazima asomewe kumbukumbu kwa Kiswahili mbele ya mwakilishi wake, kisha aweke sahihi kila ukurasa. Na msomaji ni mimi.

Alhamisi Mwongeli akaja kusomewa. Alinawa mikono kabla ya kugusa meza. Bedan alikaa pembeni na simu. Nilikuwa nimepanga kuisoma haraka haraka, nikiyatafuna maneno, lakini yule mama aliinama mbele na kunitazama mdomoni kama anayesubiri kulishwa. Nikafungua ukurasa ulioandikwa kwamba alipaswa kuripoti. Nikafungua na mdomo.

Kilichotoka ni yale aliyoyasema. Nilimsomea maneno yake mwenyewe. Macho yangu yalikuwa kwenye karatasi moja, na ulimi ulikuwa ukisoma nyingine niliyoifuta. Nilimsomea draya haishiki moto. Nilimsomea akasema ataleta fundi.

Bedan aliinua kichwa. Alisikiliza kidogo, akaelewa ninachofanya, akatabasamu, akarudi kwa simu yake.

"Hapo kwa fundi umeandika pia?" Mwongeli aliuliza.

"Nimeandika."

"Hata ile ya mara tatu?"

"Hata hiyo, Mama Nzisa."

"Mungu akubariki, Mwalimu. Wengine hawangeandika." Akashika kalamu, akaandika majina yake yote matatu, polepole, ukurasa wa kwanza na wa pili, kwa herufi za mtu aliyeacha shule darasa la nne.

Nimejaribu kujiambia kwamba nilifanya hivyo kwa huruma. Huruma gani? Nilikuwa naogopa uso wake. Ningemsomea ukweli wa karatasi, angekataa kutia sahihi, na Muriithi angeniuliza. Kwa hivyo nilimpa Muriithi karatasi na nikampa Mwongeli maneno, kila mtu akaridhika, na mimi nikatoka bila kukaripiwa na yeyote. Kesho yake aliniletea ndengu za shambani kwao, mfuko wa kilo mbili, zimepepetwa vizuri. Nilizipika na chapati. Zilikuwa tamu, na nilirudia sahani, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Barua ya kufutwa ilitoka Jumatano iliyofuata. Bedan ndiye aliyemfafanulia: uzembe mkubwa, kazi imekwisha, marupurupu ya miaka kumi na mmoja hakuna, na cheti cha kumsaidia kuajiriwa kwingine hakuna. "Na wewe mwenyewe ulikubali kwa minutes," alimwambia. Lakini anayo nafasi ya kukata rufaa katika ofisi kuu, Ruiru.

Jumapili baada ya kanisa Mwongeli alinijia nyumbani, Makongeni. Nilimwona dirishani na nikawaza kujifungia chooni. Alikataa chai.

"Mwalimu, walibadilisha," alisema. "Baada ya mimi kutia sahihi, walitoa ile karatasi yako wakaweka ingine. Ile ulinisomea haikuwa hivyo. Ama ilikuwa hivyo?"

"Haikuwa hivyo," nilisema. Ulikuwa ukweli, kwa namna yake ya kunuka.

"Na wewe ulisoma vile umeandika."

"Eeh."

"Basi wewe ndio shahidi yangu. Sina mwingine. Huyo Bedan ni kama hayuko." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Viganja vyake vilikuwa vimekauka kwa miaka ya ile draya. "Utawaambia watu wa Ruiru tu vile ulinisomea. Hiyo tu."

"Nitawaambia," nilisema. Kisha nikaongeza, "Watu ni wabaya, Mama Nzisa."

Nilisema hivyo. Kwa huu mdomo.

Ofisi kuu iko Ruiru mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati na misumari. Aliyesikiliza rufaa ni mkurugenzi, Madam Kavata, ambaye sikuwa nimewahi kumwona ila kwenye picha ya kalenda. Nilikwenda nikitarajia Muriithi mwingine aliyevaa sketi, na ingekuwa afadhali. Mtu mbaya angenisaidia. Lakini alikuwa mama mtulivu, mwenye miwani, aliyesoma faili lote mbele yetu bila haraka. Alimsikiliza Mwongeli mpaka mwisho. Alimuuliza Muriithi draya namba tatu ilitengenezwa lini mara ya mwisho, na Muriithi akaanza kupekua makaratasi ambayo hayakuwa na jibu. Kisha akavua miwani, akanigeukia.

"Wangeci. Huyu mama anasema kile ulimsomea sicho kiko hapa. Wewe ndiye uliandika, na wewe ndiye ulisoma. Karatasi ilibadilishwa?"

"Hapana, Madam."

Nilimsikia Mwongeli akivuta pumzi pembeni yangu.

"Kwa hivyo ulimsomea hii hii, jinsi ilivyo?"

Swali lilikuwa jepesi. Hapana, Madam, nilimsomea aliyoyasema, nikaandika nilichoambiwa. Sentensi moja tu. Mwanamke huyo alikuwa tayari kuisikia, nilimwona yuko tayari, ameweka kalamu chini. Ningeisema, Mwongeli angerudi kwenye draya yake, na mimi ningerudi Makongeni bila kazi. Muriithi hakunitisha hata kidogo. Alikuwa akitazama nje dirishani, akilamba jino, ana hakika nami kabisa. Hakika yake hiyo ilinitia kinyaa, na bado haikukosea.

Nikajibu kwa Kiingereza. Mwongeli hangeelewa, na nilijua hangeelewa.

"I may have left out some things, Madam. I could have made a mistake when I was translating. Or she might have misunderstood me."

Huenda niliacha mambo fulani, pengine nilikosea kutafsiri, au labda yeye ndiye hakunielewa. May, could, might. Niliyatoa yote matatu kwa mpangilio, kwa sauti ileile ya darasani, na hakuna hata moja lililokuwa uongo wa kumshika mtu.

Nadhani Madam Kavata alijua. Lakini kujua hakuandikwi kwenye faili, na sahihi ya Mwongeli ilikuwa pale, kurasa zote mbili, majina matatu. Alivaa miwani. Alisema kwamba kwa bahati mbaya kulikuwa na udhaifu wa tafsiri, ila sahihi haiwezi kupuuzwa, na uamuzi wa kiwanda unabaki. Akamgeukia Mwongeli, akamweleza hayo kwa Kikamba, kisha akapendekeza kwamba karani apelekwe mafunzo ya siku mbili ya uandishi wa kumbukumbu, kwa gharama ya kampuni. Muriithi aliitikia kwa kichwa, akaliandika hilo kwenye shajara yake.

Nje, mbele ya duka la mabati, binti wa Mwongeli alikuwa akimsubiri. Nzisa yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anakaa hosteli Kahawa Wendani. Alikuwa amekosa kipindi ili amsindikize mama yake. Nilitaka kuwapita, lakini Mwongeli aliniita, nikageuka.

"Imekataa," alimwambia binti yake. "Lakini tumeelewa shida ilikuwa wapi. Madam amenieleza mwenyewe na Kikamba. Hakuna mtu alibadilisha karatasi. Ni Mwalimu alikosea kidogo kwa kutafsiri." Akanigeukia, na, Mungu wangu, akanipapasa bega. "Usijisumbue sana, Mwalimu. Hiyo Kizungu ni ngumu. Hata mimi kwa draya nilikuwa nakosea mara moja moja."

Nzisa aliichukua nakala ya kumbukumbu mkononi mwa mama yake. Alisoma ukurasa wa kwanza amesimama. Ukurasa wa pili aliusoma mara mbili. Kisha akaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuangaliwa nayo na mwanafunzi yeyote.

"Mum, wewe ulisema uliambia boss mara tatu?"

"Nilisema."

"Hapa imeandikwa hukumwambia hata once. Imeandikwa ulisema ungepaswa kumwambia. Mum, huyu hakukosea. Hakuna mtu anakosea hivi. Huyu alijua vile anaandika, na akakusomea ingine ndio usign. Ni mwongo."

Watu wawili waliokuwa wakipakia mabati walisimama kutazama.

"Nzisa!" Mwongeli alisema. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti, hata siku ya kikao. "Hiyo ndiyo mnafunzwa huko Wendani? Kuambia mtu mzima ni mwongo, barabarani, watu wakisikia? Huyu mama ndiye peke yake alikuja kusimama na mimi. Mwombe msamaha."

"Mum, si usome tu hapa, ama nikusomee..."

"Nimesema mwombe msamaha. Sasa hivi."

Nzisa alilia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, midomo imekazwa, karatasi imekunjika mkononi. Alinitazama muda mrefu, akinipa nafasi. Alikuwa akingoja niseme kitu. Mwongeli naye alikuwa akingoja, ameaibika kwa ajili yangu, ananionea huruma.

"Nisamehe, Mwalimu," Nzisa alisema hatimaye.

"Nimekusamehe," nilimwambia, na mama yake akanishukuru.